Pesa iliyomtibu rafiki yangu: je, ihesabiwe kuwa sehemu yake?

Kinga Mbili (Katuba, Lubumbashi) ameuliza:

Ninawasalimu nyote. Ninaomba ushauri juu ya jambo lililoninyima usingizi kwa wiki tatu, ambalo siwezi kulipeleka mbele ya familia yangu kwa sababu familia imekwisha kutoa hukumu kabla sijamaliza kueleza.

Mimi ni mtu wa Kongolo, kaskazini ya Katanga, na rafiki yangu ni mtu wa Mwene-Ditu, upande wa Kasai. Tulikutana mwaka 2017 huko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako sote wawili tulikuwa tukipakua malori kwa malipo ya siku. Yeye alikuwa ameteremka kwa treni hadi Lubumbashi bila kumjua mtu hata mmoja. Mimi nilikuwa nimemfuata mjomba wangu, nikaambiwa kwamba amekwisha kuvuka mpaka na kwamba hakuacha namba ya simu. Miezi ya mwanzo tulilala chini ya lori lolote ambalo dereva wake alikubali, na mara nyingi alikubali, kwa kuwa watu wawili waliolala chini ya lori humlindia mafuta yake. Sikujua Chiluba chake, naye hakujua Kihemba changu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili tu. Mpaka leo hurudi katika lugha ya mama yake anapokasirika peke yake, nami sasa naielewa vya kutosha kujua kwamba ananitukana.

Mwaka 2019 tulihamia Lubumbashi, tukapanga chumba kimoja Katuba, tukaingia katika kazi ya makala. Kwa wasioijua kazi hii, unatoka mjini usiku na kinga, yaani baiskeli, ikiwa tupu. Unafuata barabara ya Kasenga hadi vijijini ambako makala huchomwa. Unafunga magunia manne nyuma na ubavuni kwa kamba za mpira. Kisha unarudi ukiisukuma kinga penye mwinuko na kuipanda penye mteremko, huku breki yako ikiwa ni soli ya kiatu chako. Safari moja hutuchukua siku mbili wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha hatuhesabu tena. Tulianza na kinga moja tuliyoisukuma pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha tukanunua ya pili.

Ndoto yetu ni mashine ya kusaga mahindi. Ilianzia kwenye foleni. Siku moja tulipeleka ndoo yetu ya mahindi kusagwa, tukasubiri kuanzia asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, na rafiki yangu, ambaye hawezi kukaa bila kuhesabu kitu, akahesabu ndoo zilizopita mbele yetu, akazidisha, akatoa gharama ya umeme, akaniambia kwamba mwenye mashine alikuwa amepata kwa asubuhi moja kile ambacho sisi tunakipata kwa safari tatu. Tangu wiki ile tuliweka kando kila Jumamosi kiasi kilicho sawa, tena kwa dola, kwa kuwa franka huyeyuka mkononi. Fundi wa kuchomelea vyuma alitutengenezea kisanduku chenye kufuli mbili. Ufunguo wa kufuli moja niliubeba mimi, wa pili aliubeba yeye shingoni, na daftari aliliandika yeye. Mwezi wa nane mwaka jana kisanduku kilikuwa na dola 1,380.

Mwezi wa tisa alianguka. Alikuwa akiteremka na magunia manne, soli ikateleza, kinga ikapinduka, mzigo ukamlalia mguu, na mfupa wa paja ukavunjika. Tulipofika hospitalini alikuwa hasemi neno la maana, na tuliambiwa kwamba hawataanza kumpasua kabla ya kuwekwa dhamana. Nilirudi nyumbani mbio. Ufunguo wake sikuujua ulipo, kwa sababu nguo zake zilikuwa zimekatwa na kutupwa. Nilivunja kufuli yake kwa nyundo. Matibabu yote, pamoja na siku tisa ambazo alizuiliwa kitandani baada ya kupona kwa sababu hatukuwa tumemaliza kulipa, yaligharimu dola 890. Zimebaki 490.

Sasa anatembea kwa magongo, na daktari amesema asisukume mzigo mzito tena. Kaka yake anapiga simu kutoka Mwene-Ditu akisema mdogo wake arudi nyumbani na nusu ya 1,380, yaani 690, kwa hoja kwamba kisanduku nilikivunja mimi mwenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo matibabu yalikuwa zawadi yangu. Wazee wangu wanasema kinyume: amekwisha kula 890, ambazo ni zaidi ya sehemu yake, hivyo 490 zilizobaki ni zangu, na bado ninamdai 200. Mwenyewe hasemi lolote. Nimefungua daftari, nikakuta ameandika kwa mkono wake: «890, deni langu.» Siku iliyofuata aliniambia nichukue zilizobaki niende Kolwezi, ambako binamu yangu ana kikundi cha wachimbaji na anataka dola 400 ili aniingize.

Naomba mniambie hesabu hii inafanywaje. Na je, nikienda Kolwezi nitakuwa nimemwacha, au ni yeye aliyeniruhusu?

Mchimbaji (Kolwezi) amejibu:

Kaka, nitakujibu kwa ufupi, kwa kuwa maswali yako mawili hayana uzito mmoja.

Kuhusu hesabu, wazee wako wamesema kweli, hata kama inauma. Sisi katika kikundi chetu mtu akiugua tunamsaidia, lakini msaada huo hukatwa katika sehemu yake siku ya kugawana mzigo, na hakuna anayenuna kwa sababu tuliambiana mwanzoni. Kosa lenu ni kwamba hamkuambiana.

Kuhusu Kolwezi, usije kwa dola 400 za mwisho. Februari 2025 Serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na tangu Oktoba ya mwaka huo kobalti hutoka kwa viwango vilivyopangwa, kwa hiyo mnunuzi wa huku chini hukupa bei anayotaka yeye. Kanuni haziruhusu shimo la mchimbaji wa mkono kuzidi mita 30, lakini muulize binamu yako shimo lake lina mita ngapi, halafu usikilize jinsi atakavyonyamaza. Juni 2019 wenzetu zaidi ya 40 walifukiwa karibu na hapa kwa siku moja. Wakati wa mvua udongo hauna urafiki na mtu. Kama ni lazima uje, subiri mwezi wa tano.

Mama wa Unga (Soko la Kenya, Lubumbashi) amejibu:

Mwanangu, pole, na umpe pole mwenzako. Mimi ninauza unga wa mahindi katika soko la Kenya, ambalo kwa wasomaji wa mbali ni jina la wilaya ya mji wetu wala si nchi ya Kenya, na kwa miaka kumi na minne nimesagisha kwa watu mbalimbali. Kabla sijasema lolote ninataka kuuliza jambo moja. Umesema daftari aliliandika yeye. Kwa nini si wewe?

Kinga Mbili amejibu:

Mama, mimi niliacha shule darasa la sita. Yeye ana diploma ya serikali, alifaulu mtihani wa mwisho wa sekondari, ila hakupata pesa za kuendelea. Hata bei ya makala ni yeye aliyekuwa akizungumza na wanunuzi. Mimi ni hodari wa njia na mzigo.

Mama wa Unga amejibu:

Nilidhani hivyo. Basi nikuambie kile ninachokiona kila siku, ambacho ninyi mliokuwa kwenye foleni mlikiona upande mmoja tu.

Mashine ya kusaga haiuawi na ukosefu wa nguvu. Inauawa na kijana aliyewekwa mlangoni. Mteja anakuja na ndoo, anapimiwa kwa meka, analipa. Meka kumi zinaingia, kijana anaandika nane. Pumba zinazobaki, ambazo wafugaji wa kuku huzinunua vizuri, zinatoka kwa mlango wa nyuma. Umeme unakatika saa nne, unarudi saa nane usiku, na asiyelala karibu na mashine anapoteza wateja wa usiku huo wote, kwa sababu sisi wauza unga huamka hata saa nane tukisikia injini. Mwenye mashine ninayemtegemea sasa ni mtu mnene ambaye sijawahi kumwona akiinua gunia. Anakaa kwenye kiti kuanzia alfajiri. Anaandika. Anapiga simu kuulizia bei ya mahindi ya Zambia na ya Kaniama-Kasese. Wakati wa mavuno, kuanzia mwezi wa nne, ananunua. Mwezi wa kwanza, bei inapopanda, anauza. Kazi ya kuinua magunia na kubadili nyundo na chekeche za mashine anaifanya kijana mwenye mgongo mzuri.

Sasa niwatazame ninyi wawili. Mmoja amevunjika mguu na anajua kuhesabu. Mwingine ana mgongo na hajui. Mimi sioni ndoto iliyokufa hapo. Ninaona watu waliokuwa wakijiandaa kuwa wabebaji wawili wa mashine moja, jambo ambalo lingewafilisi kabla ya mwaka kwisha.

Jambo la hesabu ya 890 ninawaachia wazee, ila msemo unasema mali bila daftari hupotea bila habari, nanyi daftari mnalo. Msilifunge.

Papa Mstaafu (Likasi) amejibu:

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili, nikaondoka, nikanywa chai, nikarudi.

Nitaanza na swali dogo. Katika miaka yote ya makala, kinga zenu hazikupasuka magurudumu? Hazikuvunjika vyuma? Ninajua zilivunjika, kwa sababu barabara ile ninaijua. Kinga ya mwenzako ilipovunjika gurudumu, fundi alilipwa kwa pesa ya nani? Kama ililipwa na mwenzako peke yake kutoka mfukoni mwake, basi wazee wako wana haki, na mchimbaji wa Kolwezi ana haki. Lakini kama ililipwa kwa pesa ya wote wawili kabla ya kugawana, kwa kuwa kinga ilivunjika ikibeba makala ya wote wawili, basi nieleze kwa nini mguu uliovunjika chini ya magunia yaleyale uhesabiwe kwa namna nyingine.

Sisi tulipokuwa wafanyakazi wa migodi, aliyeumia kazini alipelekwa katika hospitali ya kampuni, na mwisho wa mwezi mshahara wake haukupunguzwa kwa sababu ya bandeji. Hatukuiita zawadi, wala hatukuiita deni. Ilikuwa gharama ya kuchimba shaba. Ninyi hamna kampuni juu yenu. Kampuni ni kile kisanduku. Kisanduku ndicho kilichomtuma njiani usiku ule, na kisanduku ndicho kilichomtibu. Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: 1,380 ukitoa 890 zinabaki 490, na hizo ni zenu wawili, 245 kwa 245. Kaka yake anakosea, na wazee wako wanakosea. Kila upande umekosea kwa kumpendelea mtoto wake, jambo ambalo ni la kawaida kwa familia na ndiyo sababu hukuleta swali hili kwao.

Angalia pia kwamba kila upande unazungumza kama kabila. Sitaki kurefusha jambo hili, lakini mtu wa Kongolo na mtu wa Mwene-Ditu hapa Katanga hawakai chumba kimoja bila watu kusema, na wale wanaosema sasa wamepata la kusema. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 ukajazwa na watu walioitwa kutoka mbali kuja kufanya kazi, kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka upande wa Zambia ya leo, na Kiswahili tunachozungumza kilikua humo kwa sababu jirani wa kambini hakuwa na lugha ya jirani yake. Babu zetu wote walishuka kwa treni.

Nitakuambia na aibu yangu, maana nisipoiweka hapa nitakuwa mzee anayefundisha tu. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa hapa Likasi, maelfu yao wakalala kituoni wakisubiri treni, jirani yangu ambaye tulikuwa tumefanya kazi zamu moja kwa miaka kumi na moja alikuja usiku akaniletea cherehani ya mke wake. Hakuweza kuibeba. Aliniambia niitunze. Niliitunza. Mke wangu aliishonea watu kwa miaka sita, na cherehani ile ndiyo iliyotulisha wakati mishahara iliposimama. Mwaka 1998 alimtuma mpwa wake aichukue. Nilimpa, ikiwa imepakwa mafuta, imefungwa vizuri, hata sindano za akiba nilimwekea. Watu walinisifu kwamba mimi ni mwaminifu. Lakini faida ya miaka sita sikumpa hata franka moja, wala sikumwambia kwamba ilikuwapo. Alifariki kabla sijamwambia.

Kwa hiyo usiniulize kama kwenda Kolwezi ni kumwacha. Ukienda na 245 zako baada ya kuhesabu mbele yake, umeenda kazini. Ukienda na 490 kwa sababu yeye, akiwa kitandani na mwenye aibu, alikuambia uzichukue, utazila, na zitaisha, na hutakuwa na mtu wa kumrudishia.

Mwanafunzi wa Sheria (Lubumbashi) amejibu:

Ninaunga mkono hesabu ya Papa Mstaafu, na ninaongeza kwamba sheria nayo haiko mbali naye, ingawa ninawaomba msikimbilie mahakamani kwa dola 490.

Watu wengi hudhani kwamba bila karatasi na mihuri hakuna ushirika. Sheria za biashara za OHADA, yaani umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, ambazo zimeanza kutumika nchini kwetu tangu Septemba 2012, zinatambua kampuni iliyozaliwa kwa vitendo: watu wawili au zaidi wakitenda kama washirika bila kuandikishana, sheria huwatazama kama washirika, na kuwapo kwa ushirika huo kunaweza kuthibitishwa kwa njia yoyote. Daftari lenu la kila Jumamosi ni ushahidi. Kisanduku chenye kufuli mbili ni ushahidi. Zaidi ya hayo, mchango wa mshirika si lazima uwe pesa. Kazi na ujuzi vinaweza kuwa mchango, kwa hiyo pendekezo la Mama wa Unga kwamba mmoja alete mgongo na mwingine alete hesabu lina mahali pake katika sheria. Upande mchungu ni kwamba washirika wa namna hii hubeba madeni ya biashara kwa pamoja, na anayedai anaweza kumfuata yeyote kati yenu kwa deni lote. Mkinunua mashine kwa mkopo, jueni hilo.

Kuhusu kaka wa Mwene-Ditu, rafiki yako ni mtu mzima mwenye akili timamu, na mali yake ataidai mwenyewe. Kaka hana sehemu ya kudai.

Kuna jambo moja ambalo limenigusa nilipolitafakari swali lako. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inapanga watu wanaolazimika kutunzana wanapokosa riziki: wanandoa, wazazi na watoto, na ndugu wengine wa ukoo. Rafiki hayumo. Usiku ule ulipochukua nyundo hakuna sheria iliyokulazimisha, na ndiyo maana familia zote mbili hazijui pesa ile ziiite nini.

La mwisho, kwa vitendo: mkijiandikisha, epukeni kutumia hadhi ya mjasiriamali mdogo kwa jina la mmoja wenu tu, hata kama ni rahisi na haina gharama kubwa. Hadhi hiyo ni ya mtu mmoja. Mwingine atabaki bila jina, na miaka mitano baadaye mtarudi hapa kuuliza swali gumu kuliko hili.

Aliyesaidiwa (Bukavu) amejibu:

Ninaomba nipingane kidogo na Papa, kwa heshima yote, kwa sababu hapa wote wamezungumza kutoka upande wa aliyesaidia.

Mimi nilikuwa kitandani. Si kwa mguu, bali kwa figo, na aliyelipa ni mwenzangu ambaye tulikuwa tukibeba naye mizigo bandarini, kwenye meli za kwenda Goma. Alipoona ninahangaika juu ya pesa zile, alichana karatasi mbele yangu akasema, «Hakuna deni kati yetu.» Alitaka kuniinua. Lakini tangu siku ile sikuweza kumkatalia jambo lolote, wala kumtania, wala kumwambia kwamba amekosea njia. Mwenye deni anaweza kulipa. Aliyefutiwa deni atalipa nini? Baada ya mwaka mmoja nilihamia upande mwingine wa mji, na yeye mpaka leo hajui kwa nini.

Kwa hiyo hesabu ya Papa ni nzuri, lakini usimpelekee ikiwa imekwisha fanywa. Mtu aliyeandika «890, deni langu» ameshika kitu mkononi mwake. Usimnyang'anye. Mpe daftari na kalamu, mweleze habari ya gurudumu, kisha nyamaza afanye hesabu mwenyewe, kwa kuwa ni yeye anayejua kuhesabu. Na kama atataka kubaki na deni la kiasi fulani, mwache abaki nalo.

Papa Mstaafu amejibu:

Ndugu wa Bukavu, nimekubali. Sikuliona hilo.

Kinga Mbili amejibu, siku nane baadaye:

Ninawashukuru, na ninaomba radhi kwa kukawia. Nilisubiri Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yetu ya daftari, ingawa tangu mwezi wa tisa hatukuwa tumelifungua pamoja.

Nilimsomea majibu yenu yote kutoka kwenye simu, hata yale yaliyosema vibaya juu yangu. Aliposikia habari ya gurudumu alinyamaza muda mrefu, kisha akarudi nyuma katika daftari, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta. Alipata matengenezo ya kinga kumi na saba, kumi na moja ya kinga yake na sita ya kinga yangu, yote yametolewa katika pesa ya pamoja. Akasema kwamba kwa maelezo ya Papa huenda mimi ndiye ninayemdai kwa magurudumu matano, kwa sababu anaendesha vibaya. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akicheka tangu alazwe.

Hakukubali yote. Alisema kwamba mguu ulivunjika kazini, ni kweli, lakini ni yeye aliyekataa kubadili soli ya kiatu nilipomwambia, na jambo hilo gurudumu haliwezi kulifanya. Akaandika mwenyewe: gharama ya pamoja 690, deni langu 200, kulipwa kisandukuni. Nilitaka kubishana, nikamkumbuka ndugu wa Bukavu, nikanyamaza. Sijui hizo 200 amezipata kwa hesabu gani, na nadhani hakuzipata kwa hesabu.

Kolwezi sitaenda sasa. Binamu yangu nilimuuliza shimo lina mita ngapi, naye akaanza kunieleza habari za mtu mwingine aliyetajirika. Kinga ya pili tumempa kijana mmoja wa jirani aitumie kwa malipo ya kila safari, na pesa hiyo inaingia kisandukuni. Mimi ninarudi barabarani Jumatatu. Rafiki yangu ameanza kukaa asubuhi kwenye mashine ya mtu mmoja hapa Katuba, akiandika ndoo, kwa malipo madogo pamoja na unga. Amesema anataka kujua ni wapi mahindi hupotea kabla hatujawa na ya kwetu. Kaka yake bado anapiga simu. Wazee wangu wamenuna.

Mashine za mtumba tumeziulizia bei, na kwa tulichonacho hatufiki hata nusu.

Ila alinidai jambo moja, tena kwa Chiluba, kwa hiyo nilijua ni la kweli. Alisema kwamba kwa matibabu ananishukuru, lakini kufuli ile ilikuwa yake, aliinunua kwa pesa yake, nami niliivunja. Jana nilikwenda sokoni nikamnunulia nyingine. Ufunguo anao yeye.